Juma Moja la Samuel Pepys

Shajara ya Samuel Pepys ni kitabu chenye maneno zaidi ya milioni moja, nacho chaeleza maisha ya mtu mmoja wa mji wa London tangu tarehe 1 Januari 1660 hata tarehe 31 Mei 1669. Wasomaji wengi hukijua kwa sababu ya misiba miwili iliyomo ndani yake, yaani tauni ya mwaka 1665 na moto wa mwaka 1666. Walakini kitabu cha namna hii hakipimwi kwa siku zake kuu. Siku kuu humpa kila mwandishi jambo la kusema, hata yule asiye na kipawa. Siku za kawaida ndizo zionyeshazo kama mwandishi ana jicho au hana. Kwa hiyo uhakiki huu waacha tauni na moto, washika juma moja la mwezi wa Oktoba 1660. Katika juma hilo mwenye shajara alikwenda kanisani, alisoma hadithi kitandani, aliweka rafu katika chumba chake cha kusomea, alikwenda kutazama mchezo akaghairi mlangoni, alivunja kikapu cha mkewe, na mwisho alikanyaga kinyesi katika chumba cha chini ya nyumba yake mwenyewe. Katika juma hilo hilo watu walinyongwa na kukatwa vipande mjini, naye alikwenda kutazama. Swali la kuulizwa ni hili: mambo haya makubwa na madogo yakaaje katika ukurasa mmoja, na kukaa kwao pamoja kwamwambia msomaji nini juu ya mwandishi na juu ya sanaa yake?

Kabla ya kujibu yafaa kumjua mtu mwenyewe. Pepys alizaliwa London tarehe 23 Februari 1633, mwana wa mshona nguo. Alisoma katika shule ya St Paul's, kisha katika chuo cha Magdalene, Cambridge, na mwaka 1655 akamwoa Elisabeth, binti wa Mfaransa. Mali hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni jamaa mkubwa, Edward Montagu, ambaye alikuwa mtu wa Cromwell katika zama za Jamhuri, kisha akageuka kwa wakati ufaao, akaongoza merikebu zilizomrudisha Mfalme Charles II kutoka Uholanzi mwezi wa Mei 1660. Pepys alikuwamo katika safari ile kama karani wake. Mwezi wa Julai Montagu alifanywa Earl wa Sandwich, na karani wake akapata kazi kubwa katika ofisi ya Jeshi la Majini pamoja na nyumba katika mtaa wa Seething Lane. Basi mwezi wa Oktoba ulipofika, Pepys alikuwa kijana wa miaka 27 mwenye kazi mpya, nyumba mpya iliyojaa mafundi, na mfalme mpya. Na wale waliotia sahihi hati ya kuuawa kwa Charles I mwaka 1649, pamoja na baadhi ya waliowasaidia, walikuwa wanafikishwa mbele ya mahakama, mmoja baada ya mmoja.

Jambo la pili la kujulikana ni namna shajara ilivyoandikwa. Pepys alitumia hati ya mkato iliyobuniwa na Thomas Shelton, akaandika kwa herufi za kawaida majina ya watu na mahali na maneno machache mengine. Alifariki mwaka 1703, na maktaba yake, pamoja na mabuku sita ya shajara, ikapelekwa katika chuo chake cha Magdalene mwaka 1724. Yalikaa hapo karibu miaka 100 bila kusomwa. John Smith aliyafumbua kati ya mwaka 1819 na mwaka 1822 kwa taabu kubwa, bila kujua kwamba kitabu cha mafunzo ya hati ile kilikuwamo katika maktaba ile ile. Sehemu tu ya kazi yake ilichapishwa mwaka 1825, kwa kuwa wahariri wa karne ya 19 waliondoa mengi waliyoyaona madogo mno au ya aibu mno. Shajara nzima haikupatikana mpaka ilipotolewa na Robert Latham na William Matthews kati ya mwaka 1970 na mwaka 1983.

Katika uchunguzi wake Matthews alionyesha jambo ambalo mhakiki hana budi kulishika. Pepys hakuandika kila usiku kwa haraka kabla ya kulala, kama wengi wanavyodhani. Aghalabu aliweka kwanza kumbukumbu fupi na hesabu za matumizi, kisha akanakili siku kadhaa pamoja kwa hati safi. Kwa hiyo mpango wa mambo katika ukurasa si mpango wa bahati tu. Alipoliweka jambo dogo karibu na jambo kubwa, alikuwa na nafasi ya kuliondoa, naye hakuliondoa.

Juma lenyewe laanza Jumamosi tarehe 13, lakini lina kitangulizi chake Alhamisi tarehe 11. Siku hiyo Pepys alikwenda katika nyumba ya michezo iitwayo Cockpit, akatazama tamthilia ya Shakespeare ya Othello. Nyumba za michezo zilikuwa zimefungwa kwa amri tangu mwaka 1642, na kufunguliwa kwake kulikuwa moja ya furaha za kurudi kwa mfalme. Pepys aliusifu mchezo, kisha akaandika habari ya bibi mmoja mzuri aliyeketi karibu naye, ambaye alipaza sauti alipoona Desdemona anabanwa pumzi mpaka kufa. Pepys mwenyewe hakumwona mwanamke juu ya jukwaa mpaka tarehe 3 Januari 1661. Kwa hiyo yamkini Desdemona aliyeliliwa na bibi yule alikuwa mvulana aliyevaa nguo za kike. Kifo kilikuwa cha uongo, na mwenye kufa alikuwa wa uongo. Kilio tu ndicho kilichokuwa cha kweli.

Siku mbili baadaye kifo kilikuwa cha kweli. Asubuhi ya Jumamosi Pepys alikwenda kwa bwana wake Montagu, akakuta bado hajaamka. Kwa kuwa alikuwa na nafasi, akatoka akaenda Charing Cross kutazama Meja Jenerali Thomas Harrison akinyongwa, akitolewa matumbo na kukatwa vipande vinne. Aliandika kwamba Harrison alionekana mchangamfu kama awezavyo kuwa mtu aliye katika hali ile, na kwamba kichwa na moyo wake vilipoonyeshwa, watu walipiga vigelegele vya furaha. Kisha akakumbuka kwamba amejaliwa kuona mambo mawili: kukatwa kichwa kwa Mfalme Charles I katika Whitehall, na damu ya kwanza kumwagwa kwa kisasi cha mfalme huyo. Baada ya hayo aliwachukua rafiki zake wawili mpaka nyumba ya mvinyo, akawalisha chaza. Akarudi nyumbani kwa mashua, akamkasirikia mkewe kwa kuwa vitu vyake vilitupwa ovyo ovyo, akakipiga teke kikapu kizuri kidogo alichomnunulia Uholanzi, akakivunja. Na alipokwisha kukivunja alisikitika. Adhuhuri mpaka jioni alikuwa ndani, akiweka rafu katika chumba chake cha kusomea.

Hiyo ndiyo siku nzima, nayo yastahili kusomwa polepole. Neno la kwanza la kupimwa ni lile la uchangamfu wa Harrison. Wako wasomaji walionao kuwa hapa mwandishi afanya mzaha mkali, kwani uchangamfu gani awezao kuwa nao mtu anayetolewa matumbo? Wako wengine walionao kuwa ni maelezo ya shahidi mwaminifu: Harrison alikuwa mtu wa imani kali, aliyeingojea kwa yakini siku ya kurudi kwa Bwana wake, na watu wengine wa zama zile pia walishuhudia kwamba alikufa kishujaa. Sentensi yenyewe yaruhusu maana zote mbili. Wala si lazima kuchagua. Mwandishi alitazama uso wa mtu, akaona jambo ambalo hakulitazamia, akalipima kwa kipimo cha hali ile. Kama kuna kicheko ndani yake, ni kicheko cha mtu aliyeshindwa kupata neno jingine. Lililo dhahiri ni kwamba hakusema Harrison alikuwa mwovu, wala hakusema alikuwa shahidi wa dini. Na wakati ule karibu kila mtu mjini alikuwa akisema moja la mambo hayo mawili.

Neno la pili ni kikapu. Msomaji wa leo, aliyezoea kutafuta sababu za ndani za matendo, atasema mara moja kwamba kikapu kilivunjwa na Charing Cross: kwamba mtu aliyetazama mwili wa binadamu ukipasuliwa asubuhi hawezi kurudi nyumbani na moyo mtulivu, na kwamba hasira iliyomtoka kwa vitu vilivyotupwa ovyo ilikuwa na asili yake mahali pengine. Yawezekana. Lakini shajara haisemi hivyo, na mhakiki asiifanye iseme. Shajara yasema tu kwamba jambo hili lilifuata jambo lile. Tena yasema kwamba Pepys alisikitikia kikapu, na haisemi kwamba alimsikitikia Harrison. Hapo ndipo wasomaji wengi huudhika. Mbona mtu huyu ana huzuni kwa kikapu, hana huzuni kwa mtu?

Jibu lataka uangalifu. Kosa la kuvunja kikapu lilikuwa kosa lake. Kukiri kwamba amelitenda, na kwamba limemwuma, kulikuwa katika uwezo wake. Kifo cha Harrison kilikuwa kazi ya serikali, nayo serikali ile ndiyo iliyompa mshahara na nyumba. Majuto yake yaliishia palipoishia mamlaka yake. Hili halimfanyi kuwa mtu mwema, lakini lamfanya kuwa shahidi wa kweli juu ya jinsi watu wa mjini wanavyoishi katika nyakati za kisasi: hujuta kwa mambo ya nyumbani kwa sababu mambo ya barazani si salama kujutiwa.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo lake la kuangalia. Kiingereza cha Pepys hufuatanisha matendo kwa viungo vifupi sana, na aghalabu huacha hata kumtaja mtendaji. Mtu asoma orodha ya mienendo, kutoka hapa mpaka pale. Kiswahili kina kiambishi -ka- ambacho kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya kufuatanisha. Mfasiri atakayeieleza siku ile kwa Kiswahili ataona njia imekwisha kutengenezwa: nikaenda, nikaona, nikarudi, nikakasirika. Hata hivyo kuna tofauti mbili. Kwanza, kitenzi cha Kiswahili hudai mtendaji wake, kwa hiyo ile nafsi ambayo Pepys aliificha itarudi mbele ya kila tendo. Pili, -ka- mara nyingi huleta harufu ya matokeo, kana kwamba tendo la pili limezaliwa na la kwanza. Mfasiri akisema “nikamwona akifa, nikarudi, nikavunja kikapu,” amekwisha kupendekeza sababu. Huenda ikambidi akate sentensi, aanze upya, ili jambo lile lisimame peke yake kama lilivyosimama katika asili. Mfano huu watosha kuonyesha kwamba nguvu ya Pepys haimo katika maneno yake tu. Imo pia katika mahali alipokataa kuweka neno.

Siku zilizofuata zaonyesha mtu aliyeshiba utamaduni wa mji wake. Jumapili tarehe 14 alikwenda katika kanisa la jumba la mfalme, Whitehall. Hotuba ya mhubiri aliiona ya kawaida, na wimbo ulioimbwa baadaye uliimbwa vibaya hata mfalme akacheka. Aliona pia jinsi Duke wa York, ndugu wa mfalme, alivyokuwa akizungumza kwa ashiki na Bi Palmer kupitia pazia lililotenga chumba cha mfalme na chumba cha mabibi. Jumatatu alinyongwa John Carew, naye Pepys aliandika kwamba, kwa hisani kubwa, vipande vya mwili wake havikutundikwa hadharani. Usiku alisoma kitandani hadithi iliyofasiriwa kutoka Kifaransa, akaimaliza, akaiona bora kuliko hadithi zote alizopata kusoma. Jumanne alisoma hadithi nyingine mbili za kitabu kile kile ndani ya mashua, hazikumpendeza kama ile ya kwanza. Alifika Cockpit, lakini aliposikia ni mchezo gani unaochezwa, hakukaa. Jioni alimkuta bwana wake ana huzuni, akaambiwa kwamba amepoteza fedha nyingi katika mchezo wa karata.

Hukumu hizi za sanaa ni za mkato, na mara nyingine si za haki. Pepys huyu ndiye aliyeandika mwaka 1662 kwamba Romeo na Juliet ni mchezo mbaya kuliko yote aliyopata kusikia, na mwaka ule ule akaidharau Ndoto ya Usiku wa Kiangazi. Hakuwa mhakiki wa kuaminiwa. Faida ya hukumu zake ni nyingine. Zaonyesha sanaa ikiwa mahali pake pa kweli katika maisha ya mjini: kitu kinachosomwa mashuani kati ya kazi na kazi, kinachoachwa mlangoni kwa sababu ya jina lake, kinachokatizwa na bwana anayemwita karani wake usiku amwulize habari za vyakula vya merikebu. Vitabu vya historia ya tamthilia hueleza nani aliandika na nani aliigiza. Pepys aeleza namna mtu alivyofika, alikuwa na nani, na kwa nini aliondoka.

Alhamisi tarehe 18 alikwenda tena gerezani Newgate, kwa kuwa ilitarajiwa kwamba Kanali Hacker na Axtell watauawa, akakuta wamecheleweshewa mpaka kesho. Akaenda kwa shangazi yake akanywa kinywaji cha asubuhi, kisha kwa baba yake akaagiza bitana nyeusi ya suruali. Ijumaa watu wale wawili waliuawa. Siku hiyo shajara yataja kwanza kwamba chumba cha kulia chakula kimekwisha kupambwa kwa kitambaa cha sufu cha kijani na ngozi yenye rangi ya dhahabu, nacho ni kizuri sana. Ndipo yataja vifo. Usiku mwenye shajara aliketi akifanya hesabu, akaona kwamba bwana wake anadaiwa naye zaidi ya pauni 80, akamshukuru Mungu.

Jumamosi tarehe 20 alikuja mtu kumshauri juu ya mahali pa kutoboa dirisha la chumba cha chini ya nyumba, badala ya lile lililozibwa na jirani yake mkubwa, Sir William Batten. Pepys akashuka kutazama, akakanyaga rundo la kinyesi. Ndipo alipojua kwamba choo cha jirani mwingine, Bwana Turner, kimejaa na kinamwagikia kwake. Aliandika kwamba jambo hilo lamsumbua, lakini litatengenezwa. Kisha akaenda kula kwa Montagu, akamkuta amechangamka, akijigamba kwamba atakuwa na mpishi wa Kifaransa, na kwamba mkewe na binti yake watavaa vipande vyeusi vya urembo usoni. Mkewe aliposema kwamba angeweza kumpatia binti yao mfanyabiashara mwema wa kumwoa, Montagu alijibu kwamba ni heri amwone na mzigo wa mchuuzi mgongoni, mradi ameolewa na mwungwana. Alasiri, akipita mjini kwenda kwa fundi wa mapambo ya nyumba, Pepys aliona viungo vya waliouawa vimewekwa juu ya lango la Aldersgate. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika juma lile, alipotoa hukumu: ilikuwa ni jambo la huzuni kuliona, na juma hili na lile lililotangulia yamekuwa majuma ya damu, kwani watu kumi wamenyongwa na kukatwa.

Mshairi angeweza kuifanya siku hii kuwa fumbo. Juu kuna chumba kipya chenye rangi ya dhahabu, chini kuna uchafu wa jirani. Mezani kuna maneno ya mpishi wa Kifaransa, langoni kuna mikono na miguu ya watu. Fumbo limo, na msomaji yeyote mwenye akili ataliona. Pepys mwenyewe hakulifumba. Kwake kinyesi kilikuwa kinyesi, tena kilikuwa shauri la kuzungumza na jirani. Kwa sababu hiyo fumbo lina nguvu zaidi. Lingalikuwa limetengenezwa, msomaji angalilishuku, kama watu washukuvyo mfano uliokaa sawa mno. Linapotokea bila kutengenezwa, msomaji hulazimika kukiri kwamba mji wenyewe ndio uliokuwa hivyo.

Yabaki swali la hofu, ambalo ndilo moyo wa juma hili, nalo halionekani ndani yake. Laonekana tarehe 1 Novemba, siku 12 baadaye. Siku hiyo Pepys alikula kwa Batten, akakutana na mtu aliyesoma naye shuleni zamani. Mtu yule alikumbuka kwamba Pepys alipokuwa mvulana alikuwa mfuasi mkali wa Bunge. Pepys akaingiwa na hofu kubwa, asije mtu yule akakumbuka maneno aliyoyasema siku mfalme alipokatwa kichwa: kwamba lau angehubiri juu ya mfalme huyo, angechagua ile aya ya Mithali inayotaja kuoza kwa kumbukumbu ya waovu. Baadaye akaona kwamba mtu yule aliondoka shuleni kabla ya siku ile, akapumua.

Kwa habari hiyo juma zima hubadilika. Yule aliyesimama Charing Cross tarehe 13, akajivunia kwamba ameona kifo cha mfalme na kisasi chake, alikuwa yule yule mvulana wa miaka 15 aliyefurahia kifo cha kwanza. Vigelegele alivyovisikia viliwapigiwa watu waliotenda jambo ambalo yeye alilisifu. Bwana wake aliyetaka mpishi wa Kifaransa alikuwa rafiki wa Cromwell. Tofauti kati ya meza ya Montagu na lango la Aldersgate ilikuwa ni tofauti ya miezi michache na uamuzi mmoja uliofanywa kwa wakati. Basi kimya cha Pepys juu ya Harrison chawezekana kuwa kimya cha mtu ambaye hathubutu kusema hata katika hati ya mkato, au kimya cha mtu ambaye bado hajajua moyo wake. Ndiyo sababu huzuni yake ilingoja mpaka Jumamosi ya pili, mbele ya lango, ilipokuwa haiwezi tena kumdhuru.

Robert Louis Stevenson, katika insha aliyoitoa mwaka 1881, aliona kwamba Pepys alijiandikia mwenyewe, yaani yule Pepys wa baadaye ambaye angependa kuyarudia maisha yake. Rai hii yaeleza mengi, hasa upole wake kwa mambo madogo. Lakini yapungukiwa kidogo. Mtu anayejiandikia ili ajifurahishe hana haja ya kuhifadhi teke la kikapu, wala hofu ya tarehe 1 Novemba. Na shajara yahifadhi mabaya kuliko hayo. Miaka iliyofuata imejaa habari za watumishi waliopigwa, na za wanawake na wasichana aliowashika bila ridhaa yao, akitumia cheo chake na unyonge wao. Mkewe alimfumania na msichana wa kazi mwezi wa Oktoba 1668, na machozi ya nyumba ile yamo yote kitabuni. Msomaji asiseme kwamba ukweli wa mwandishi wafuta makosa ya mtu. Ukweli wake ndio unaoyathibitisha. Thamani ya kitabu ni kwamba mshtakiwa na shahidi ni mtu mmoja, na shahidi hakumpendelea mshtakiwa.

Fasihi ya Kiswahili ina tawasifu zake, na kuzilinganisha na shajara hii kwafaa kwa sababu moja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alipoeleza maisha yake alikuwa mzee amekwisha kurudi Unguja, na safari zake na biashara yake ya pembe na watumwa zimekwisha kupita. Shaaban Robert katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini aliyapanga maisha yake kwa mambo yake makubwa, akatoa katika kila jambo mafunzo kwa msomaji. Wote wawili walijua mwisho kabla ya kuandika mwanzo, na ujuzi huo huchagua: hubakiza lililozaa matunda, hutupa lililopita bure. Kikapu kilichovunjwa hakizai matunda, tawasifu ingalikiacha. Mwandishi wa shajara hajui mwisho. Hajui kama mtu wa shuleni atamsaliti, hajui kama mfalme atadumu, hajui kama choo cha jirani kitatengenezwa. Kwa kuwa hajui ni lipi litakalokuwa kubwa, huyaandika yote kwa kalamu moja. Tawasifu humpa msomaji hekima ya maisha yaliyokwisha; shajara humpa maisha yenyewe kabla hayajapata hekima. Si kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Lakini ya kwanza imestawi katika Kiswahili, na ya pili bado ni changa, ijapokuwa watu wengi wa pwani na bara wamezoea kuweka daftari za hesabu, za mazishi na za safari.

Kwa hiyo juma hili la Oktoba 1660 lastahili kufasiriwa na kusomeshwa, hata kama shajara nzima haitafasiriwa. Mwanafunzi atakayelisoma ataona kwamba kuandika juu ya mji si lazima kuanze na minara na wafalme. Kwaweza kuanza na dirisha lililozibwa na jirani. Ataona pia hatari iliyomo katika namna hii ya kuandika. Kuyaweka mambo yote sawasawa kwaweza kuwa uaminifu, na kwaweza kuwa njia ya kukwepa kusema neno linalotakiwa. Katika juma lile Pepys alikuwa na vyote viwili, na mpaka uliokuwa kati yake hauonekani wazi katika ukurasa. Bibi wa Alhamisi alilia kwa Desdemona pasipo hatari yoyote, watu wa Jumamosi walipiga vigelegele kwa Harrison pasipo hatari yoyote, na mwenye shajara alingoja siku saba ndipo akaandika kwamba jambo lile ni la huzuni. Aliliandika kwa maneno machache, kisha akamwandikia mjomba wake barua, akalala.